Kizingiti cha Pilipili

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule Pilipili alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kufagia karakana ya baba yake, seremala wa milango na madirisha, ambako vumbi la mbao lilirudi sakafuni kana kwamba jana yake hakuna aliyeinama na ufagio. Ya pili ilikuwa kukasirika. Aliukasirikia ufagio uliopukutika, akazikasirikia kamba za viatu zilizojifunga zenyewe mafundo, akaikasirikia chai kwa kuwa ya moto, na akichelewa kuinywa, akaikasirikia kwa kupoa. Wazazi walimpa jina zuri na refu, lakini tangu darasa la pili hakuna aliyelitumia ila mwalimu wa darasa akiita mahudhurio. Wengine wote walimwita Pilipili, na hilo nalo lilimkasirisha.

Hasira hasara, watu walimwambia. Alikuwa ameambiwa methali hiyo mara nyingi mno, hata nayo ikawa inamtia hasira.

Kitu kimoja tu kilimtuliza, nacho ni kukimbia. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, miguu myepesi na kifua kipana, na mwaka huo alitaka jambo moja kuliko yote: nafasi ya mbio za mita elfu tatu katika mashindano ya shule jirani. Nafasi ya wasichana ilikuwa moja. Mwenzake aliyeitaka ni msichana wa darasa lao la saba ambaye kwa urefu wake wote walimwita Twiga, mpole, msema kidogo. Upole ule ulimuudhi Pilipili kuliko matusi.

Mwalimu wa michezo wanafunzi walimwita Mwalimu Saa, kwa sababu saa yake ya kuhesabia sekunde haikutoka shingoni hata siku za mvua. Mwanzoni mwa muhula aliwakusanya wakimbiaji kumi na wawili uwanjani, akachora kwa chokaa mistari miwili iliyoachana mita ishirini, akaweka spika ndogo juu ya kiti. Spika ikilia, unakimbia hadi mstari wa pili. Ikilia tena, uwe umeshaukanyaga na umegeuka. Kila dakika milio inazidi kukaribiana, na dakika moja ni ngazi moja. Ukichelewa kufika mstarini mara mbili mfululizo, umetoka, na ngazi uliyofikia inaandikwa.

"Hiki ni kipimo cha pumzi," aliwaambia. "Kinaonyesha moyo na mapafu yako yanaweza kupeleka hewa kiasi gani kwenye misuli. Nikishajua hilo, nitakisia jambo la pili, ambalo ni kizingiti chako."

Akawaeleza kwa utaratibu. Mtu akikimbia polepole, hewa anayovuta inaitosha misuli, naye anaweza kwenda mbali huku akipiga soga. Akizidisha mwendo, hufika mahali ambapo hewa haitoshi tena. Misuli inaanza kujitafutia nguvu bila hewa, uchovu unarundikana upesi kuliko mwili unavyoweza kuuondoa, na miguu inawaka moto. Mahali hapo ndipo penye kizingiti. Kwenye vyuo vikubwa vya michezo hukipima kwa kumtoa mkimbiaji tone la damu kila baada ya dakika chache. Shule yao haikuwa na vifaa hivyo, kwa hiyo yeye atachukua mwendo wa ngazi ya mwisho ya kila mmoja, abakize sehemu tisa katika kumi za mwendo huo, na huo utakuwa mwendo wa mazoezi. Ni makisio tu, alisema, lakini ni makisio mazuri mradi kipimo cha kwanza kiwe cha kweli.

Maneno hayo ya mwisho Pilipili hakuyasikia. Alikuwa ameng'ang'ania neno kizingiti. Redioni kila siku walisema fulani amewekewa vizingiti, na kwake neno hilo lilikuwa na maana moja tu, kikwazo, kitu unachowekewa njiani ili ushindwe. Basi, akajiambia, atakayewekewa kizingiti kirefu kuliko wote na kukiruka ndiye atakayechaguliwa.

Walipimwa kwa makundi mawili. Sita walikimbia, sita wakawahesabia wenzao, kisha wakabadilishana. Twiga alikimbia katika kundi la kwanza akafika ngazi ya nane. Pilipili alipoingia, aliyemhesabia alikuwa Karani, jirani yake wa dawati, aliyeitwa hivyo kwa mwandiko wake uliopendeza kama wa kitabuni.

Hadi ngazi ya sita mambo yalikuwa mazuri. Katika ngazi ya saba pumzi ilianza kumkataa, na kabla ngazi hiyo haijaisha spika ikalia mara mbili mfululizo naye bado hajaufikia mstari. Alipaswa kutoka. Badala yake aligeuka hapo hapo alipokuwa, hatua moja kabla ya chokaa, akaendelea. Safari iliyofuata akageuka mapema tena. Mwalimu Saa alikuwa upande wa pili, amepiga magoti anabadilisha betri za saa yake, na masikio yake yalikuwa kwenye milio tu. Karani aliona. Mkono wake ulianza kupanda kuonyesha kwamba mwenzake ametoka, lakini Pilipili alimkata jicho moja kali, nao mkono ukashuka.

Alisimama mwishoni mwa ngazi ya tisa. Karani aliandika tisa, kwa mwandiko ule ule mzuri.

Jioni hiyo Mwalimu Saa alipiga hesabu ubaoni. Uwanja wao ulikuwa na mzunguko wa mita mia mbili. Twiga, kwa ngazi yake ya nane, alipewa kukimbia kila mzunguko kwa sekunde sitini na saba. Pilipili alipewa sitini na nne. Kama angeandikiwa saba, zingekuwa sabini. Sekunde sita si kitu, mtu anaweza kuzimaliza akipiga chafya. Lakini jaribu kuzidishiwa mwendo kwa sekunde sita kila mzunguko, mizunguko mitano bila kusimama, kisha upumzike kidogo urudie tena, siku tatu kila wiki, ndipo utajua sekunde ni mnyama gani.

Mwalimu alikuwa na namna yake ya kuhakikisha makisio. Mkimbiaji akipita mbele yake, humtaka aseme maneno manne: leo nakimbia bila haraka. Ukiweza kuyasema kwa shida kidogo, uko kizingitini. Ukiweza kumsimulia habari za nyumbani, uko chini yake. Ukishindwa kabisa, umeshapita, punguza. Twiga aliyasema. Wengine waliyasema wakihema. Pilipili alipita akiinua kidole gumba, kwa sababu hata "leo" haikutoka.

Mwalimu alimwambia apunguze, naye akatikisa kichwa kwamba yuko sawa. Akaulizwa kama ana homa, akasema hana. Mwalimu alifungua daftari, akaitazama ile tisa, akakuna kichwa, akalifunga. Namba ilikuwa imeandikwa vizuri mno kutiliwa shaka.

Wiki mbili zikapita hivyo. Pilipili alikuwa akirudi nyumbani miguu mizito, analala bila kula vizuri, anaamka amechoka, na hasira zake zilikuwa zimeongezeka hata ufagio ukamkoma. Alimkasirikia Twiga kwa kukimbia kwa raha. Alimkasirikia mwalimu zaidi, kwa sababu sekunde zile zilitoka kinywani mwake. Kila mara ukweli ulipotaka kupenya, aliufungia nje. Tukisema kweli, mtu anayejidanganya huwa hodari wa kumwona mwenzake kuwa ndiye mbaya wake.

Jumanne ya wiki ya tatu, katika mzunguko wa nne, aliona uwanja unageuka rangi. Alitapika, akaanguka, akachubuka goti na kidevu. Mwalimu alimbeba hadi kivulini, akamsafisha, akampa maji kidogo kidogo, akamtuma Karani amsindikize nyumbani na barua.

Barua haikusomwa. Baba yake alipouona ule uso aliiweka randa chini.

"Nani amekufanya hivi, mwanangu?"

Hapo Pilipili alikuwa na nafasi ya kusema. Karani alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama.

"Mwalimu wa michezo," alisema Pilipili. "Kila mmoja amewekewa kizingiti, ila changu amekifanya kigumu kuliko vya wote. Nikishindwa ananiambia niendelee."

Maneno ya kwanza yalikuwa na ukweli wa kupotosha. Ya mwisho yalikuwa uongo mtupu, wala hakuna haja ya kuyatafutia jina lingine.

Mtu angetaka kujua Pilipili alikorithi ukali wake, angemwona baba yake siku hiyo. Alitoka na aproni yake, vumbi la mbao kichwani, akaenda shuleni kwa mwendo ambao hata Mwalimu Saa angeuandika daftarini. Sauti yake ilisikika kuanzia getini. Alitaka kujua ni mwalimu gani anayewawekea watoto vizingiti badala ya kuwafundisha, na kama huyo ni mwalimu au ni mtesaji. Mwalimu mkuu, mama wa makamo asiyependa kelele, alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa uamuzi. Mazoezi yamesimama. Mwalimu wa michezo asikanyage uwanjani na wanafunzi hadi Ijumaa, ambapo wote watakaa ofisini, na ikithibitika kwamba aliuona mwili wa mtoto umeshindwa akaulazimisha, ataondolewa shuleni.

Habari ilitoka shuleni mbio kuliko wakimbiaji wote kumi na wawili. Kufikia Jumatano ilikuwa dukani, kisimani na saluni. Mama mmoja alimwona Mwalimu Saa anakuja, akamvuta mwanawe upande wa pili wa barabara. Mwalimu aliendelea kufundisha hisabati darasani kwa sauti ya chini, na ile saa hakuivaa.

Pilipili alipata alichokitaka, kupumzika bila kukiri kitu. Angepaswa kufurahi. Badala yake alikuwa na hasira ambayo haikupata pa kukaa. Alipomwona mwalimu na shingo yake tupu, akainamisha macho, halafu akajikasirikia kwa kuinamisha macho.

Alhamisi Karani alimfuata bombani wakati wa mapumziko. Karani hakuwa amewahi kuinua sauti tangu azaliwe, na hata siku hiyo hakuiinua.

"Ile tisa niliandika mimi," alisema. "Wakimfukuza mwalimu, watakuwa wamemfukuza kwa mwandiko wangu."

Pilipili alimwambia aache woga, hakuna atakayejua.

"Nilikuwa nakuogopa," Karani alimjibu. "Ndiyo maana nikashusha mkono. Sasa nimechoka kukuogopa. Kesho nitakwenda kusema langu. Lako utajua mwenyewe."

Akaondoka bila kujaza chupa yake. Pilipili alibaki na bomba linatiririka hadi kengele ilipolia.

Ijumaa ofisini palikuwa na viti vinne na meza. Baba alikaa mkabala na Mwalimu Saa, bila kumsalimia. Pilipili aliketi pembeni, goti lina bandeji, na nje ya mlango Karani alingoja zamu yake ya kuitwa. Mwalimu mkuu alimruhusu mzazi aanze, naye akaanza pale alipoachia Jumanne.

"Huoni haya, mtu mzima, kumwekea mtoto kizingiti?"

"Fundi," alisema Mwalimu Saa, "wewe kazi yako ni milango. Kizingiti ni nini?"

Baba alishangaa kuulizwa jambo analolijua kuliko muulizaji. "Ni ubao wa chini kwenye fremu. Mtu akiingia anauvuka."

"Ndicho ninachosema. Si kikwazo. Ni mahali chumba kimoja kinapoishia na kingine kuanzia. Katika mwili wa kila mkimbiaji kuna mahali kama hapo, ambapo hewa inaacha kumtosha. Mimi sikiweki, Fundi. Nakitafuta kilipo, ili nimfanyishe mazoezi hapo hapo bila kumvusha."

Baba aliupapasa ukingo wa meza. Hakuwa ametulia, ila alikuwa ameguswa kwenye kazi yake. Mwalimu alifungua daftari, akaligeuza ili wote waone. Akaeleza namna alivyotoka kwenye ngazi ya tisa hadi sekunde sitini na nne, na namna alivyomwambia mtoto apunguze, mara moja, mara mbili, mara tano. Kisha akafika mahali akasita.

"Mtu wa ngazi ya tisa mwendo huu ungemchosha, lakini usingemwangusha," alisema. "Nimeirudia hesabu siku tatu na sioni kosa. Huenda kanuni yangu ni mbovu. Na hata kama si mbovu, nilimwona hawezi kusema maneno manne, nikaamini daftari kuliko macho yangu. Kwa hilo nina lawama, na mkiniondoa sitabisha."

Pilipili alikuwa amejiandaa kwa mengi. Alitegemea mwalimu apayuke, ajitetee, amwite mwongo, ndipo naye apate mtu wa kumkasirikia. Hakutegemea mtu aliyeonewa ajitafutie kosa.

"Hesabu si mbovu," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Namba ndiyo mbovu. Nilitoka ngazi ya saba. Zilizobaki niligeuka kabla ya mstari. Karani aliona, nikamtisha kwa macho. Na mwalimu hakuniambia niendelee hata siku moja. Aliniambia nipunguze."

Baba alimgeukia polepole, na Pilipili aliona uso wake ukibadilika rangi, hasira yote aliyomletea mwalimu ikitafuta njia ya kurudi nyumbani.

"Nimepita mitaa mitatu," alisema baba, "nikimchafua mtu huyu kwa maneno yako."

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema mwalimu mkuu. "Yako ilipungua hatua nzima kila ulipogeuka."

Mwalimu Saa alikuwa amelifunga daftari. Pilipili alimwomba radhi, na alitumaini kuambiwa basi, yameisha. Hakuambiwa.

"Nimekasirika," mwalimu alisema, kwa sauti ile ile ya darasani. "Siku tatu watoto wa watu wanavutwa barabarani wasikutane na mimi. Radhi yako nimeisikia. Hasira yangu itachukua muda wake, na nisingependa nikudanganye kwamba imekwisha."

Baba alisimama akamwomba mwalimu msamaha mbele ya binti yake, jambo ambalo Pilipili hakuwahi kumwona akimfanyia mtu. Kisha akaenda dukani, kisimani na saluni, kote habari ilikokuwa imefika, akasema kwa kelele zile zile kwamba alikosea. Jumatatu, kwenye mkusanyiko wa asubuhi, Pilipili alisimama mbele ya shule nzima akasimulia aliyoyafanya. Baadhi walicheka. Miguu ilimwaka kuliko mzunguko wa nne, lakini alimaliza. Karani naye alisema lake, kwa sentensi mbili.

Goti lilipopona alipimwa upya. Safari hii mwalimu mwenyewe alisimama kwenye mstari. Pilipili alitoka ngazi ya saba, akapewa sekunde sabini, na alipopita mbele ya mwalimu akahema, akasema: leo nakimbia bila haraka. Mwalimu aliandika bila kutabasamu. Wiki ile aliimaliza bila kutapika, akala, akalala usingizi wa kawaida.

Nafasi ya mashindano alipata Twiga, kwa haki. Siku ya mbio Pilipili alikaa kwenye nyasi pamoja na baba yake, mikono amekunja, midomo amebana. Baba alimwacha hivyo kwa mizunguko kadhaa.

"Mteja akinidanganya upana wa mlango wake," baba alisema mwishowe, "nitapima mbao sawasawa, nitakata sawasawa, na mlango hautafunga. Atanilaumu mimi. Kipimo si sifa, mwanangu. Ni habari tu, kwamba uko hapa, basi anzia hapa. Ukikidanganya, mwalimu atakosea, daktari atakosea, hata mimi mzazi wako nitakosea, kwa sababu sote tutafuata ulichosema. Na atakayeanguka ni wewe."

Pilipili aling'oa nyasi, akazitupa.

"Bado nina hasira, Baba."

"Kaa nayo. Ni yako," alisema baba. "Ila usimtwishe mtu mwingine."

Twiga alikuwa anaingia mzunguko wa mwisho, wa pili katika msururu, na Mwalimu Saa alikuwa ukingoni anamhesabia. Pilipili alikaa kidogo tena, amenuna. Kisha akasimama, akamshangilia kwa jina lake halisi, kwa sauti kubwa, ingawa ilimuuma.